Vikombe Vilikwisha Kuoshwa

Homa iliyompiga Bibi mwaka jana ilimwachia masikio, ikaondoka na pua. Na ulimi pia, maana kumbe pua na ulimi wanakaa nyumba moja, mmoja akihama na mwingine anafungasha. Tulidhani vitarudi polepole kama nguvu za miguu zilivyorudi. Havikurudi. Siku moja nilitia chumvi kwenye sombe, yale majani ya muhogo, naye akaja nyuma yangu akatia tena, tukakaa kula. Yeye alimaliza sahani. Mimi nilikuwa nakunywa maji kila tonge.

"Mbona hauli?" akaniuliza.

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini? Upepo?"

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka kidogo na kulizoea. Lakini Bibi alikuwa mpika pombe, na pombe yake haikuwa ya kulewesha watu. Wanaotaka kulewa hapa Kalemie wanajua pa kwenda, hawana haja ya kupanda mpaka kwetu. Waliokuja kwa Bibi walikuja kuonja na kubishana. Jumapili baada ya misa wanaketi nyuma ya nyumba, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, na kikombe kimoja kinaweza kuchukua mchana mzima kwa sababu midomo yao ilikuwa na kazi ya kusema zaidi kuliko ya kunywa.

Walikuwa watatu, wengine walikuja na kupita. Mmoja ni mashinisti wa treni aliyestaafu, mzee mrefu, aliyezoea kupiga kelele kwa sababu ya injini na hakuacha hata injini ilipomwacha. Wa pili ni karani wa bandarini, kijana kwao ingawa kwangu ni mzee, shati lake jeupe siku zote. Wa tatu ni mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwao ni Moba, kwa hiyo wote walimwita Mama Moba. Sikuwahi kukaa nao. Mimi mbele ya watu nakauka. Hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, jibu linafika kooni linakaa pale, na wenzangu wanacheka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nawasikiliza kutoka jikoni, na naweza kusema wazi kwamba hakuna somo nililolisikiliza vizuri hivyo.

"Hii ina mgongo," Karani anasema.

"Mugongo gani? Hii imelala chali!" Mashinisti anamjibu kwa sauti ya kuzidi treni. "Mugongo ulikuwa na ile ya mwaka ziwa lilipanda. Ile ilikuwa inakusimamisha."

"Ilikusimamisha wewe? Tulikubeba!"

"Ninyi wote hamujui kitu," Mama Moba anaingia. "Kule kwetu, ya asali ikiiva, unakunywa leo, na kesho nyuki anakufuata kazini."

Walijua majira ya pombe kama wengine wanavyojua majira ya samaki. Ya asali inakuja nyuki wakishamaliza maua. Ya ulezi ina mwezi wake. Kasiksi ya ndizi, ile ya watu wa kaskazini, inapatikana kila wakati, lakini Mashinisti alishikilia kwamba ya kiangazi ndiyo ya kweli, kwa sababu ndizi za mvua zina maji mengi na hazina akili. Kasiksi, alisema, inaingia kama mgeni mwenye adabu, kisha unakuta imekalia kiti chako. Na juu ya zote kulikuwa na ya mahindi mapya, inayopikwa mvua zikikatika, kwa mzizi wa munkoyo uliopondwa ungali mbichi. Hiyo Bibi aliipika mara moja kwa mwaka. Wengine pia waliipika. Ubishi wa mwaka mzima ulikuwa: ya nani inashinda.

Walikuwa na sheria yao. Mmoja akisema, "Jumapili ijayo twende Kataki, kuna mama ana ya ulezi hamujawahi kuona," wengine wanamuuliza, "Unasimamia?" Akijibu "Nasimamia," basi amejifunga. Pombe ikiwa kama alivyosema, watu wa nyumba ile wanaosha vikombe kama kawaida ya mwenyeji. Pombe ikiwa mbaya, hawamwambii mpikaji neno baya, hapana, hilo ni utovu wa adabu. Ila aliyesimamia anainuka, anakusanya vikombe vya wote, anaviosha mwenyewe mbele ya watu na shati lake la kanisani. Karani aliwahi kuosha mara nyingi hata wakamtungia utani, kwamba mke wake amwazimishe kwa watu siku za sherehe.

Kwetu vikombe niliosha mimi. Siku zote. Sijawahi kuona mgeni akigusa sabuni kwenye uwanja wa Bibi. Na yeye, akiwa ndani amenyoosha miguu baada ya wageni kwenda, alikuwa anasikiliza vikombe vikigongana kwenye beseni. Hakusema kitu, lakini nilijua hiyo ndiyo sifa yake. Asante za watu hazikumshughulisha.

Baada ya homa, msimu mzima wa mvua hakupika. Alilala akitazama ukuta. Mama yangu yuko Lubumbashi anatafuta maisha, nyumba ni mimi na Bibi tu, katika hiki kiwanja cha kupanga karibu na reli tulikohamia baada ya maji ya ziwa kuingia kule kwetu chini na kukaa. Nikienda shule namwacha amelala, nikirudi namkuta amelala upande uleule. Mashinisti alikuja kumwona mara kwa mara, anasimama mlangoni na kofia mkononi.

Siku moja, mvua zimeanza kupungua, akasema kutoka mlangoni: "Mama, mahindi mapya yameingia sokoni. Na mimi nimesema kwa watu ya mwaka huu itatoka hapa. Nimesimamia."

"Umesimamia nini?" Bibi akauliza bila kugeuka. "Mimi sina pua."

"Una mikono."

"Mikono haionji."

Mashinisti akanitazama mimi niliyekuwa nachambua maharage. Nikainamisha kichwa. "Lakini nyumba hii ina ulimi mwingine," akasema, "hata kama hautumiwi."

Bibi aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuona uso wake mchana. Alinitazama kwa muda, halafu akasema maneno ambayo niliyashika vizuri kwa sababu yalinitia baridi. "Basi nitapika hii moja. Ikitoka, nitaendelea. Isipotoka, musiniamushe tena kwa mambo ya mutungi."

Aliposema mambo ya mtungi nilielewa ni mambo yote. Kwa kitu kingine Bibi hakuwa anaamka.

Hapo ndipo nilipofanywa ulimi wa Bibi. Nyumbani kwetu msichana haonji pombe ya mahindi mapya mpaka awe na nyumba yake. Nimeikorogea, nimeichujia, nimeibeba, nguo zangu zimenuka pombe hiyo hata shuleni wakanitania, lakini kuiweka mdomoni sikuwahi. Sasa Bibi alivunja sheria yake mwenyewe, kwa sharti: tone moja kwenye kidole, kwenye ulimi, kisha natema na kusukutua maji. "Sikufundishi kunywa," alisema. "Nakufundisha kusema."

Kusema, kazi niliyoichukia kuliko zote. Lakini kwa Bibi ilikuwa rahisi kidogo, labda kwa sababu alikuwa anafumba macho.

Tulianza na vitu vya nyumbani. Ananipa kipande cha ndimu: "Kama nini?" Nasema, "Chachu." Anakataa. "Chachu kila mutu anajua. Kama nini?" Nafikiri. "Kama mutu amekubana shavu kwa ndani." "Ee! Njo hivyo." Ananipa maji ya mchele yaliyolala: kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Ananipa mzizi mkavu wa zamani niutafune: kama kulamba kitasa. Tulicheka sana siku hiyo ya kitasa. Aliniuliza nimelamba kitasa wapi, nikamwambia ukweli, darasa la kwanza, nilifungiwa nje nikawa nalia mlangoni. Aliinuka kitandani mwenyewe, akaenda kutazama mtungi kama una ufa.

Nilianza kutembea njia ya shule nikijiuliza kila kitu ni kama nini. Mwalimu wa Kifaransa angenisikia angeshangaa. Lakini angeniuliza mbele ya wote ningekauka tu, najijua.

Mizizi ililetwa na mama mmoja wa upande wa Nyunzu, anayemfahamu Bibi tangu zamani, imefungwa kwenye majani na udongo wake. Bibi aliishika, akauvunja mmoja karibu na sikio. "Inalia," alisema. "Hii imechimbwa juzi." Kimea cha ulezi tulikiotesha ndani ya gunia, nacho alikipima kwa vidole, anakifinya, anasema bado, bado, sasa. Nilianza kuamini. Nilikuwa naona jinsi mikono na masikio yake yalivyokuwa yanajigawia kazi ya pua, na nikajisemea, inawezekana.

Siku ya kupika uji kuni zilikuwa mbichi. Mvua ya mwisho ilikuwa imezinyeshea nje, na za kununua kavu hazikupatikana. Moshi ulijaa kiwanja chote, majirani wakapiga kelele kama tunafukuza nyuki. Pipa lilikuwa juu ya mafiga, mimi nakoroga kwa mwiko mrefu, machozi yananitoka. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu.

Zamani kazi yake hapo ilikuwa kunusa tu. Anakaa, anaongea habari za watu, halafu katikati ya habari anasema, "Toa kuni mbili," na anaendelea na habari. Sikuwahi kujua kwa nini mbili, kwa nini saa ile. Sasa aliniuliza mimi.

"Unasikia harufu gani?"

"Moshi, Bibi."

"Moshi wa kuni?"

"Ee."

"Moshi tu?"

Nikavuta pumzi, nikakohoa. "Moshi tu."

Ulikuwa moshi tu. Hata leo nikikumbuka naona moshi. Mwiko ulikuwa mzito kule chini, lakini uji wa mahindi mapya ni mzito, na mikono yangu ilikuwa imechoka tangu mwanzo. Sikujua kwamba uzito wa chini una maana yake. Bibi angejua kwa pua, hakuwahi kuhitaji kumwambia mtu.

Tuliupoza, tukatia mizizi iliyopondwa, tukatia kimea, tukauweka mtungini na kuufunika kwa kitambaa. Kesho yake Bibi alilaza sikio kwenye tumbo la mtungi kama mkunga. "Inaongea," alisema. Aliniita na mimi nisikilize. Kweli ilikuwa inaongea, sauti ndogo za kupasuka, kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla padri hajaingia.

Ikafika siku ya kuonja. Nikachovya kidole.

"Kama nini?"

"Chachu ipo. Inabana shavu."

"Vizuri. Uchungu je?"

"Upo."

Nilimwona anakaa wima. "Uko wapi?"

"Nyuma. Karibu na koo."

"Nyuma!" Alipiga goti lake. "Njo mahali pake. Mwanangu, uchungu wa munkoyo unakaa nyuma, ule mwingine wote unakaa mbele. Unapita au unabaki?"

Nikasukutua maji, nikasubiri. "Unabaki."

Akaondoa mkono gotini. "Bado changa," akasema. "Kesho utapita."

Kesho yake nilionja tena, na tena mchana, na jioni. Ulimi wangu ukawa kama kipande cha nguo. Aliniuliza umepungua, nikasema labda, na hiyo ilikuwa kweli, sikujua tena. Nilijua uchungu mmoja tu duniani, huu. Hakukuwa na mwingine wa kuulinganisha nao. Alikuwa ananiuliza njia ya kwenda mji ambao sijawahi kufika, nami nilikuwa namjibu kwa kutazama barabara.

Jumapili alivaa kitenge chake cha Pasaka. Aliamka kabla yangu, akafagia uwanja yeye mwenyewe, na mimi nilisimama dirishani nikimtazama anavyofagia, nikasema moyoni mambo ambayo mtu anayaombea tu.

Walikuja wote watatu, na Mashinisti alikuja na wengine wawili wa reli ambao aliwasimamia pombe. Alikuwa na furaha ya bwana arusi. "Kaeni, kaeni! Leo mutajua kama zile mulizokunywa zilikuwa maji ya kuoshea miguu."

"Unasimamia, Papa?" Karani akamtania. "Sabuni iko?"

"Sabuni utaleta wewe, umezoea."

Bibi akatoka na kata. Kwa desturi mpikaji ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya watu, ili wajue hakuna kitu kibaya ndani. Akanywa. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na nilimwona vizuri: akanywa kitu ambacho kwake hakikuwa na ladha kuliko maji, akafumba macho, akatikisa kichwa kama zamani. Kisha akasema, "Iko tayari."

Nikawagawia. Wakanywa.

Nilikuwa nasubiri kelele. Ninaposema kelele, namaanisha ile ya Mashinisti kuruka na kusema ina hiki, Karani kukataa, Mama Moba kuwaita wote watoto. Haikuja. Mmoja wa wale wa reli alitazama ndani ya kikombe chake kama ameona mdudu. Mama Moba alimeza, akashika shavu. Karani alimtazama Mashinisti, na Mashinisti alitazama chini, na nikaona kikoromeo chake kikipanda na kushuka bila kinywaji.

"Muzuri, Mama," Mama Moba akasema.

"Ee, muzuri sana," Karani akasema.

"Muzuri," wale wawili wakasema.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kichwa amekiinamisha upande. "Karani," akasema, "leo hubishi?"

"Nibishe nini, Mama? Iko muzuri."

"Ina mugongo?"

"Ina mugongo."

"Mashinisti?"

Mzee alifungua mdomo. Yule ambaye sauti yake ilikuwa inafika mpaka bandarini alisema polepole, "Ina nguvu, Mama. Ina nguvu ya... ya mahindi."

Halafu nadhani walielewa wote kwa pamoja kwamba hawafanyi vizuri, kwa sababu wakaanza kubishana. Lakini ilikuwa kama wanafunzi wanaoigiza mbele ya mkaguzi. Karani akasema inashinda ya mwaka juzi, Mashinisti akasema hapana, zinalingana, Karani akasema haya basi, zinalingana. Mama Moba akageuza habari zikawa za bei ya ndagala. Hakuna aliyeomba kikombe cha pili. Wale wa reli wakakumbuka kwamba wana mgonjwa wa kumtembelea.

Mama Moba akaanzisha wimbo wa kanisani. Aliimba kwa sauti kubwa mno kwa mchana wa kawaida, akipiga makofi, na Karani akaitikia ingawa hajui maneno. Bibi akapiga makofi pia, kidogo. Mimi niliingia ndani kukunja nguo kwa sababu sikutaka kuona. Walipoaga, waliaga haraka, kila mmoja anamshika Bibi mikono kwa mikono miwili. Mashinisti alikuwa wa mwisho. Mikono yake ilikuwa na maji, aliipangusa kwenye suruali kabla ya kumshika.

"Asante, Mama," alisema.

"Asante na wewe uliyesimamia," Bibi akamjibu.

Alikwenda.

Bibi aliingia ndani, akanyoosha miguu kitandani kama siku za zamani, akalaza kichwa ukutani. Uso wake ulikuwa hauna hakika. Naweza kusema kulikuwa bado na nusu ya furaha. Wimbo labda ulimdanganya, au alitaka udanganye. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, kusikoonekana kutoka uwanjani, kuosha vikombe.

Vilikuwa vimepangwa juu ya kichanja, vimepinduliwa, kimoja kando ya kingine, maji yakichuruzika. Beseni lilikuwa limemwagwa na kusimamishwa ukutani. Kipande cha sabuni kimerudishwa juu ya jiwe lake. Mashinisti alikuwa ameviosha wakati wenzake wanaimba. Angeweza kuacha. Hakuna ambaye angemdai. Lakini alikuwa amesimamia, na mzee yule hakujua namna ya kutokuosha, na wenzake wakampigia kelele za Mungu ili Bibi asisikie.

Nilisimama pale. Nilifikiria kuvichukua na kuviosha tena, nivigonganishe kwenye beseni kwa nguvu. Nilishika kimoja. Kilikuwa safi hata nikaona aibu.

"Mwanangu," Bibi akaita kutoka ndani. "Mbona sikusikii ukiosha vikombe?"

Jibu lilifika kooni likakaa pale, kama darasani. Akaniita tena kwa jina. Alikuwa amenifundisha wiki zile zote kusema kitu kilivyo, kwake yeye, na macho yake yakiwa yamefumbwa.

"Vimeoshwa, Bibi."

Kitanda kililia kidogo.

"Nani?"

"Sikumuona."

"Umemuona mikono."

Alikuwa ameshika mikono ile naye pia, ingali na maji. Baada ya muda niliingia, nikamkuta amegeukia ukuta, kitenge cha Pasaka bado kiko mwilini. Niliketi sakafuni. Nilisubiri aniulize uchungu ulikuwa kama nini hasa, tutafute pamoja ilikokosea. Hakuuliza. Jioni alisema tu nimwage yote kwenye mfereji, mbali, nguruwe wa jirani wasije wakalewa.

Nilipokwenda kulisafisha pipa la kupikia ndipo nilipoona. Lilikuwa limekaa kando tangu siku ile na maji ndani, na nilipoyamwaga, ganda jeusi lilibanduka zima kama mkate ulioungua. Nililinusa. Sasa kwa kuwa hakukuwa na moshi wowote, harufu ya uji ulioungua ilikuwa wazi kabisa.

Wiki zilizofuata wakawa wanaketi ng'ambo ya ua wetu wa matete, kwa jirani yetu anayeuza kasiksi na chupa za baridi. Hawakufanya kwa ubaya. Watu lazima wakae mahali. Karani alipita kusalimia, Mashinisti hakupita, na nikikutana naye njiani anavua kofia kwangu kama kwa mtu mzima, ananiuliza "Mama yuko?" na anaondoka kabla ya jibu. Jumapili mchana tunasikia kila kitu. "Hii imelala chali!" "Wewe njo umelala!" Bibi anasikiliza. Mara ya kwanza aliniuliza wanabishana juu ya nini, nikaenda uani, nikarudi nikamwambia: ya ulezi ya Kataki, Karani amesimamia.

"Wananitaja?"

"Hapana."

"Toka mulangoni basi, unaniziba."

Halafu Jumapili moja Mama Moba aliniita uani. Mtu alikuwa ameleta ya mahindi mapya kutoka nyumba nyingine, upande wa pili wa mto Lukuga, ya mwisho ya msimu. Hakusema mengi. Alichovya kidole chake, akanipitishia kati ya matete kama anampa mtoto dawa. "Onja tu. Ujue."

Nikaonja. Shavu lilibanwa. Halafu hakuna kitu, nikadhani ndiyo hiyo tu, na nilipokuwa nimekwisha kuacha kusubiri, uchungu ukaja kutoka nyuma, mwembamba, ukanigusa, ukaondoka. Ukapita. Mahali ulipopita palibaki baridi kama mtu amefungua dirisha. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na kitasa, haukufanana na kitu chochote nilichokuwa nimemwambia Bibi.

Nilitema, nikaenda ndani moja kwa moja. Sikukauka. Nilisema yote kwa pumzi moja, shavu, kusubiri, uchungu unaokuja wakati mtu amekata tamaa, dirisha.

Bibi alifumba macho akisikiliza. Akanifanya nirudie ile ya dirisha.

"Ee," alisema. "Njo hiyo." Kisha akauliza, "Ya nani?"

Nikamwambia ni ya mama mmoja wa ng'ambo ya Lukuga, simjui.

"Ana pua nzuri," Bibi akasema, na akarudi kwenye ukuta.

Nilisubiri. Nilikuwa najua sasa, nilitaka tu aniambie tujaribu, mahindi bado yapo, kuni zimekauka. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, nadhani ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu. Ng'ambo ya ua walikuwa wameanza tena kupiga kelele. Bibi hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akanipapasa mpaka akapata goti langu, akalipigapiga mara kadhaa kama mtu anayemwambia mgeni asisumbuke, na mkono ukabaki pale mpaka usingizi ukamchukua.

Mtungi uko jikoni. Tunawekea makaa.